Nyakatuntu kwa Magurudumu Mawili: Baridi, Giza na Pikipiki Yenye Akili Zake

Mwambie mtu yeyote wa mjini kwamba mapumziko haya unakwenda Kagera na mwenzi wako, atakujibu harakaharaka: "Aha, Bukoba! Usisahau kuniletea senene." Kwa wengi wetu Kagera inaanzia kwenye ufukwe wa Ziwa Victoria na kuishia sokoni Bukoba. Jamani, tunapunjika! Ukifika Kyaka, pale penye daraja lililovunjwa mwaka 1978 wakati wa vita ya Idi Amin, usivuke kuelekea Mutukula. Kunja kushoto, anza kupanda. Hapo ndipo inapoanza Kagera ya vilima, ya migomba isiyokwisha, ya kahawa na ya baridi inayowafanya wapendanao wakumbatiane bila kuombana.

Safari hii tunakwenda Nyakatuntu, kata iliyomo Wilaya ya Kyerwa. Ukiwa na ramani ya zamani utaitafuta Kyerwa na hutaiona, kwa sababu hadi mwaka 2012 eneo lote hilo lilikuwa Karagwe. Huku ni nyumbani kwa Wanyambo, na historia yake si ya jana. Mwaka 1861 Waingereza Speke na Grant walipita Karagwe wakiwa njiani kutafuta chanzo cha Mto Nile, wakapokelewa na Mfalme Rumanyika. Mto Kagera umeizunguka wilaya hii kama mkanda: ng'ambo ya magharibi ni Rwanda, ng'ambo ya kaskazini ni Uganda. Tangu mwaka 2019 kuna pia Hifadhi ya Taifa ya Ibanda-Kyerwa, kwa wale wasiojisikia wamesafiri mpaka wamuone mnyama.

Basi zipo na magari madogo yapo. Lakini wapenzi wa magurudumu mawili mnanielewa: vilima hivi vimeumbwa kwa ajili ya pikipiki.

Barabara na baridi yake

Kutoka Kyaka hadi Bugene ni lami, kama kilomita 60 za kona zinazokufanya umshike dereva wako kiuno sawasawa. Unapita Kayanga, unafika Omurushaka, kisha unashika uelekeo wa Nkwenda na Murongo. Huku ndiko vumbi jekundu lilikojijengea jina. Mvua ikinyesha vumbi hilohilo linageuka utelezi, na pikipiki nzito inakuwa kama ng'ombe anayekataa kuogeshwa.

Kuhusu baridi, msidanganywe na jua la saa sita. Sehemu kubwa ya vilima hivi ipo juu ya mita 1,400 kutoka usawa wa bahari. Jua likishazama, ukungu unashuka kwenye mabonde, na anayekaa nyuma ya pikipiki ndiye anayelipa gharama, kwa sababu dereva ana joto la injini miguuni na abiria ana upepo tu. Kina dada, koti la jinzi halitoshi. Bebeni la ngozi au la kuzuia upepo, na soksi mbilimbili.

Nyakatuntu yenyewe haikurukii machoni. Hakuna ghorofa, hakuna mabango. Nyumba zimejificha ndani ya migomba, ukipita mchana unaweza kudhani vilima havina watu. Msimu wa mavuno utaona kahawa imeanikwa mbele ya nyumba, watoto wakifukuza kuku. Ila subirini jioni. Giza likiingia ndipo mnapoona kwamba kila kilima kina watu: taa moja hapa, mbili kule, na katikati yake taa zinazotembea. Hizo ni bodaboda.

Urembo wenye kazi

Neno bodaboda lilizaliwa kwenye mpaka wa Kenya na Uganda, miaka ya 1960, wakati baiskeli zilipobeba watu na mizigo kutoka boda moja hadi nyingine. Nchini kwetu pikipiki zilipewa kanuni zake za kubeba abiria mwaka 2010, na tangu hapo hakuna kijiji kisichokuwa na kijiwe. Kwa Kyerwa, bodaboda ni usafiri wa kila kitu: gunia la kahawa, mkungu wa ndizi, mwanafunzi, na saa nane za usiku mama mwenye uchungu wa kujifungua.

Ndiyo maana msicheke mkiona Boxer ya Nyakatuntu imepambwa kama bibi harusi. Taa za ziada mbele, taa za rangi chini ya tanki, redio yenye spika mbili, honi yenye sauti ya lori, chaja ya simu kwenye usukani. Kijana mmoja wa kijiweni alinieleza kwa upole, kana kwamba ananifundisha hesabu: "Shemeji, redio ni ya abiria, lakini hizi taa mbili ndiyo ada ya watoto. Asiyekuwa na taa nzuri hapati kazi za usiku." Vijana wengi wanaendesha pikipiki za mkataba, wanapeleka hesabu kwa mwenye chombo mpaka deni liishe ndipo kiwe chao. Chombo kikilala siku tatu kwa fundi, hesabu hailali.

Kumfungia Boxer taa ni kazi ya nusu saa. Pikipiki hizi zina umeme wa kawaida: betri, swichi, fyuzi moja au mbili, na waya unaotoka hapa kwenda pale. Fundi anachuna waya wa taa kubwa, anaunga wa kwake, anazungusha selotepu nyeusi, kazi imekwisha. Ukizidisha mzigo fyuzi inaungua, unanunua nyingine dukani. Rahisi kama kumenya ndizi.

Pikipiki isiyopenda kudokolewa

Sasa tuje kwetu. Mume wangu na mimi tulikwenda na pikipiki kubwa ya safari, zile ambazo umeme wake unaongozwa na kompyuta. Kabla ya kuondoka, gereji moja mjini (jina tuliache) ilitufungia taa mbili za ziada za halojeni, za wati 55 kila moja. Walizifunga kama wanavyofunga kwenye Boxer: waya wa taa kubwa ukachunwa, taa mpya zikaungwa hapohapo. Zikajaribiwa sekunde chache mchana kweupe, zikawaka, tukapeana mikono.

Tukiwa tumebakiza mwendo mfupi kufika Nyakatuntu, kiza kikaingia. Mume wangu akawasha zile taa. Dakika chache zilipendeza ile mbaya. Halafu taa ya chini na hizo mbili mpya zikazimika kwa pamoja, ghafla, kwenye kona ya mteremko. Kwenye dashibodi ikatokea alama ya taa mbovu. Iliyobaki ni taa ya juu, ambayo ukiiwasha unampofusha kila anayekuja mbele. Na aliyekuwa akija mbele alikuwa Fuso.

Tulisimama pembeni, tukawasha indiketa zote. Nilisikia moyo wangu unadunda kwenye kofia ngumu. Hatukuumia, lakini siwezi kusema ilikuwa ajali ya kuchekesha ambayo haikutokea. Barabara ile usiku ina ng'ombe, ina watoto waliotumwa dukani, ina baiskeli zisizo na taa.

Nini kilitokea? Hapa lazima tuingie darasani kidogo, msikimbie.

Miaka ya 1980 kampuni ya Bosch ya Ujerumani iliona waya kwenye magari zimekuwa nyingi kupita kiasi. Kila swichi ilitaka waya wake, kila taa ya dashibodi waya wake. Wahandisi wake wakabuni mfumo unaoitwa CAN, wakautangaza mwaka 1986. Badala ya kila kifaa kuwa na waya wake kutoka mwanzo hadi mwisho, kompyuta ndogondogo zinazungumza kupitia jozi moja ya waya zilizosokotwa. Ukibonyeza indiketa huitumii umeme taa. Unatuma ujumbe: "Washa indiketa ya kushoto." Kompyuta inayohusika inapokea, na yenyewe ndiyo inayotoa umeme. BMW waliuingiza mfumo huu kwenye pikipiki zao mwaka 2004, na R 1200 GS ikawa kati ya za kwanza. Leo pikipiki nyingi kubwa za Ulaya na Japani zinao.

Uzuri wake ni kwamba kompyuta inajua kila taa inakula kiasi gani. Taa ikila pungufu, inasema balbu imeungua. Ndiyo maana ukiweka balbu ya LED yenye matumizi madogo, baadhi ya pikipiki zinalalamika wakati taa inawaka vizuri tu. Ikila kupita kiasi, kompyuta inadhani waya umepiga shoti na inakata umeme wa njia hiyo. Haiunguzi fyuzi, kwenye njia nyingi za namna hiyo hakuna fyuzi ya kuungua. Inafunga tu, kimyakimya.

Fanyeni hesabu. Taa kubwa ya chini ni wati 55. Ongeza mbili za 55, unapata 165. Gawanya kwa volti 12, ni karibu ampea 14, kwenye njia iliyotengenezwa kwa ampea tano hivi. Kompyuta ilivumilia kidogo, ikapata joto, ikakataa. Na kwa sababu taa kubwa ilikuwa kwenye njia hiyohiyo, ikaenda nayo.

Nimehariri makala nyingi za mahusiano, na sijawahi kukutana na mfano mzuri kama huu. Kuna watu ukiwachukulia kidogokidogo bila kuwaambia, hawagombi. Wanazima.

Fundi wa kijiweni

Tulisogea taratibu mpaka kwenye maduka, bodaboda mmoja akitutangulia kwa taa zake. Fundi tuliyeletewa alikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu, mikono imejaa grisi, kofia imegeuzwa nyuma. Nilitegemea aseme hawezi, maana pikipiki kama ile alikuwa haijagusa. Yeye akazunguka mara mbili, akachuchumaa.

"Kaka, kabla sijashika kitu, niambie: humu mmeongeza nini ambacho hakikuja nacho?"

Swali hilo moja lilitosha. Mume wangu akamuonyesha. Kijana akaufuata waya kwa kidole mpaka kwenye ule muungano wa selotepu, akatikisa kichwa.

"Hapa wamemnyonya. Mnyonyaji tumtoe, halafu tumuulize mwenyewe kama bado amenuna."

Akaondoa waya zote zilizoongezwa, akafunika jeraha, akamwambia mume wangu azime swichi kabisa, achomoe ufunguo, wangoje kidogo. Mama mwenye duka akatuletea chai ya tangawizi. Ufunguo uliporudishwa, taa kubwa ikawaka kama hakuna kilichotokea. Kompyuta ilikuwa imesamehe.

Kilichonishangaza kilifuata. Kijana akasema zile taa anaweza kuzirudisha, ila si pale. "Honi ya lori ninavyomfungia Boxer, simpi umeme kupitia swichi yake, itaungua. Natoa kwenye betri, napitisha kwenye rilei. Swichi inamwamsha rilei tu." Na huo, wapenzi wasomaji, ndio hasa utaratibu unaotakiwa kwa pikipiki za kompyuta. Hakuusoma popote, alifundishwa na honi.

Akavuta waya mnene kutoka kwenye betri, akaweka fyuzi ya ampea 15 karibu kabisa na betri, ukapita kwenye rilei hadi kwenye taa. Kwa ajili ya kuiamsha rilei akatumia waya wa soketi ya chaja, ambayo kompyuta huipa umeme ufunguo ukiwa umewashwa. Rilei inahitaji chini ya robo ampea kuamka, kwa hiyo kompyuta haikuona mzigo wowote. Mwishoni akaweka swichi ndogo kwenye usukani, "maana hii soketi yenu inachelewa kulala hata mkizima ufunguo." Alikuwa ameligundua hilo kwa tesa ya balbu, akiichomeka kwenye soketi tu. Jozi ya waya zilizosokotwa hakuigusa. "Hizi sizijui," alisema, "na kitu nisichokijua sikitoboi."

Mkitaka kufunga vyenu

Kwa wanaopanga safari kama hii, nimeyakusanya machache ya kwenda nayo kwa fundi.

Kwanza, usikubali taa, honi wala koti la joto viungwe kwenye waya wowote uliokuja na pikipiki. Umeme wa kazi utoke kwenye betri, na fyuzi iwe karibu na betri, si karibu na kifaa. Waya ukichubuka katikati bila fyuzi mwanzoni, unaweza kuwaka moto chini ya kiti mlichokalia wawili.

Pili, pigeni bajeti pamoja. Wati gawanya kwa volti 12 ndiyo ampea. Koti la umeme la wati 90 linakula ampea 7 na nusu, na soketi nyingi za pikipiki hizi zinakatika karibu na ampea 5. Kwa hiyo lichomekwe kwenye njia yake kutoka betri. Alteneta nayo ina mwisho: R 1200 GS ya mwaka 2013 inazalisha wati 510, na sehemu kubwa ya hizo inaliwa na injini na taa zake yenyewe. Ukitaka taa kubwa na mwenzako anataka joto, mjadiliane kabla ya kuondoka. Taa za LED zinawapa nafasi ya vyote viwili: mbili zinazotoa mwanga wa kutosha zinaweza kula wati 40 badala ya 110.

Tatu, marufuku kutoboa zile waya zilizosokotwa kwa tesa ya balbu. Ndizo njia ya mazungumzo. Kinachohitajika ni mita ya kidijitali na kitabu cha pikipiki.

Nne, maungano yalehemiwe au yabanwe vizuri, kisha yavalishwe mpira unaosinyaa kwa joto. Selotepu peke yake haitoshi kwa vumbi la Nkwenda na mvua ya Kyerwa.

Tano, kwa mwenye uwezo, kuna visanduku vinavyochomekwa kwenye mfumo wa CAN na kuusikiliza bila kuukata. HEX ya Afrika Kusini ni mojawapo ya wanaovitengeneza. Ukiwasha taa ya juu, kisanduku kinasikia na kuwasha za ziada. Ukipiga honi, kinapiga ya ziada. Ila kikiharibika huku, hakuna wa kukifungua, kwa hiyo fundi aweke njia ya kukiruka.

Na taa zielekezwe chini. Anayekuja mbele naye ana mtu nyumbani.

Ng'ambo ya mto

Unaweza kusema haya ni matatizo ya wenye pikipiki za bei mbaya, Nyakatuntu haiwahusu. Mimi nilidhani hivyo mpaka fundi wetu aliponionyesha kwa kidevu upande wa Rwanda. Kule Kigali, kampuni ya Ampersand ilianza kuweka bodaboda za umeme barabarani mwaka 2019, na kuanzia Januari 2025 serikali ya Rwanda iliacha kusajili pikipiki mpya za petroli kwa ajili ya kubeba abiria jijini humo. Pikipiki za umeme ni kompyuta zenye magurudumu. Betri inazungumza na mota, mota inazungumza na usukani, na mara nyingi lugha yao ni hiyohiyo ya CAN. Mto Kagera si mpana.

Siku zikivuka, huyu kijana mwenye kofia iliyogeuzwa nyuma ndiye atakayeletewa. Atafanya nini na betri ambayo ikionjwa na redio ya magendo inajifunga na kutaka kompyuta ya kiwandani kufunguliwa? Na yule wa mkataba atapelekaje hesabu wakati chombo kinasubiri mtaalamu kutoka mbali? Alipouliza, alimuuliza mume wangu, si mimi: "Kaka, hiyo mashine ya kuisoma inauzwa wapi, na mtu wa darasa la saba anaruhusiwa kujifunza?" Mume wangu akamjibu kwamba inauzwa, na anaruhusiwa. Bei tulimtafutia kwenye simu. Aliiangalia muda mrefu, akaiandika kwa mkaa ukutani mwa kibanda, chini ya orodha ya wanaomdai na anaowadai.

Mkienda Nyakatuntu, nendeni mchana, mfike kabla ya saa kumi na mbili jioni. Laleni Nkwenda au rudini Kayanga kwenye nyumba za wageni. Kuleni ndizi na maharage, nunueni kahawa ya kutafuna. Mwezi Novemba mkiwasha taa zenu kali usiku msishangae senene wakiwarukia usoni. Kagera nzima inajua wanapenda mwanga, na watu huwategea kwa taa. Na usiku mkiwa mmekaa nje, blanketi moja, mkaona taa mbili zinapanda kilima kwa haraka kuliko kawaida, kaeni kimya kidogo. Huenda ni mama anapelekwa zahanati, na waya za taa hizo zimefungwa na mtu mnayemfahamu.